Mashine ya Mbio Tuliyoigawa

Kavira mwanangu,

Umetoka kuaga wenzako, umeniachia nyumba pamoja na sanduku lako lililofura mpaka zipu imegoma. Nimelifungua. Usianze kukasirika kabla hujafika mstari wa tatu. Nilitaka tu kuona kama sweta ipo, nimeikuta, nimelifunga. Habari za kuchemsha maji, za kuficha pasipoti ndani ya nguo na za kutomjibu kila kijana atakayekusalimia Kampala, hizo shangazi zako wamekuimbia wiki nzima, na mimi nikiitikia wimbo huo utaziba masikio. Nina jambo jingine.

Siku ile tulipokuwa tumelala chali chini ya mashine, wewe umeshika taa ya simu na mimi nakaza nati za pedali, uliniuliza: "Mama, juu ya nini ulitoa miye, ukabakia na kaka Paluku?" Nikasema nipe bisibisi. Ukanipa bisibisi. Hukuuliza tena, nami nilishukuru moyoni. Lakini tangu siku ile kila nikikutazama ukikunja nguo zako naona unangoja jibu. Kesho asubuhi unapanda basi. Sitaki ufike mpaka wa Bunagana ukiwa na jibu ulilojitungia mwenyewe, maana nakujua, utakuwa umejitungia lililo baya kuliko yote.

Mdomo wangu unajua kuita wateja na kufokea wanaopiga mashine mateke. Mambo kama haya unayakwepa. Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu.

Lazima nianze na mashine, kwa sababu yote yalipitia humo. Hadithi yake nimekuwa nikikupa vipande. Leo ichukue yote. Mwaka wa wakimbizi, watu wa ng'ambo ya mpaka walipoujaza mji wetu wa Goma mpaka ukakosa pa kuweka mguu, wageni wa misaada nao walikuja kwa wingi, na baa moja karibu na ziwa ikawaletea michezo ya kujiburudisha. Mmoja ulikuwa huu: sanduku jekundu refu kuliko mtu, lenye kiti cha gari, usukani, pedali mbili, na kioo kinachoonyesha barabara inakukimbilia. Wageni walipohama baa ilifungwa, na baba yako, aliyekuwa fundi wa redio, akaachiwa mashine kwa sababu ilikuwa imezimika na hakuna mwingine aliyeitaka. Akaifufua. Akaiweka mbele ya nyumba hapa Majengo, na vijana wakawa wanapanga foleni mpaka kwa jirani. Mimi nilikuwa nimeolewa juzi juzi. Nilijua kulehemu waya kabla sijajua kupika sombe ya majani ya muhogo namna mama yake alivyoipenda, na yule mama hakunisamehe.

Volkano iliposhuka mjini, watu walikimbia na watoto, na mbuzi, na magodoro. Baba yako alikimbia na mashine. Alifunga chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kusukuma, ubavu kwa ubavu, akailaza juu yake, akaisukuma njia ya Sake huku moto ukiwa nyuma yetu, nami nikimtukana njia nzima kwa Kinande, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa kidogo nilichokuwa nacho. Tuliporudi, nusu ya kiwanja ilikuwa chini ya mawe meusi ambayo bado yalitoa joto. Tulijenga juu ya mawe hayo hayo nyumba hii ya mbao unayoiacha kesho. Ndipo baba yako akasema hatasukuma tena kitu kizima.

Unajua tunavyofanya hapa bunduki zikisikika zinakaribia. Cherehani, kichwa unakipeleka kwa huyu, meza unaipeleka kwa yule. Baiskeli unaitoa magurudumu. Mwizi mwenye bunduki ana haraka, anataka kitu anachoweza kukitumia au kukiuza leo. Basi baba yako akaigawa mashine vivyo hivyo. Kadi, lile bamba la kijani lenye akili yote ya mchezo, aliipeleka kwa Mama Uwera, jirani yetu mwenye asili ya Rutshuru aliyeuza maziwa. Usukani kwa mwalimu wa kwaya, Muhunde. Kiti kwa binamu yangu, Munande kama sisi. Alichagua watu wa lugha tofauti makusudi, kwa sababu hapa huwezi kujua safari hii ni mlango wa nani utakaopigwa teke. Askari wakaingia, wakaona sanduku lenye mashimo, wakatoka. Vita vilipopoa vipande vikarudi nyumbani na foleni ikaanza tena. Tulifanya hivyo mara nyingi na kila mara kila kipande kilirudi.

Baba yako alikufa kwa homa ukiwa bado unanyonya. Aliniachia Paluku, aliniachia wewe, aliniachia mashine na desturi hiyo ya kugawa. Nami nikaitumia mahali ambapo yeye hakuwahi kuitumia.

Ulikuwa na miaka mitano. Vita vilishuka kutoka kaskazini, na siku hiyo havikungoja tujipange. Mabomu yalianguka karibu na uwanja wa ndege na watu wote wakatoka barabarani kwa pamoja. Usukani na kiti nilikuwa nimeshavipeleka; nilikwisha kuchomoa na kadi, nikaifunga katika kitenge, nikaipeleka kwa Mama Uwera kama kawaida. Nilimkuta anafunga mizigo yake. Wewe ulikuwa hapo kwake, kwa sababu ulikuwa hapo kwake siku zote. Kila siku nilikuwa na wateja tangu asubuhi, mwenzangu hakuwa na mtoto. Uwera mwenyewe alikufa mchanga, kwa kipindupindu cha mwaka ule wa wakimbizi, jina tu likambakia mama yake. Alikubeba mgongoni akiuza maziwa, ukajifunza Kinyarwanda chake kabla hujakijua vizuri Kinande changu.

"Narudi kwetu, juu ya Rumangabo," akaniambia. "Njia inapita kwa batu bangu. Weye uko naenda wapi?"

"Minova, na miguu."

"Na batoto babili? Nipe moja."

"Gani?"

"Huyu mudogo anasema lugha yangu. Paluku akifungua tu kinywa, batajua ni Munande."

Nilisimama pale na kitenge chenye kadi mkononi. Nikawaza kama mtu wa Goma anavyowaza: nikiwaweka wote njia moja, na njia hiyo ikiharibika, nimebaki na nini? Nikampa kadi, nikamwachia na wewe. Mimi na Paluku tukashika njia ya Sake.

Sababu hiyo ya lugha ndiyo niliyokuwa nakupa ulipokuwa mdogo ukiniuliza. Ni ya kweli. Lakini wewe si mtu wa kuridhika na kweli inayofika nusu ya njia, ulirithi hilo kwa baba yako. Kwa hiyo subiri, sijamaliza.

Sisi tulirudi Goma baada ya majuma machache. Njia ya Rutshuru ilifunguka baada ya miezi michache tu. Wewe nilikufuata baada ya mwaka na nusu. Hapo katikati ndipo penye kosa langu, na sijawahi kulisema kwa sauti.

Mwanzoni nilikuwa na visingizio vizuri. Paluku aliugua. Paa lilikuwa limeng'olewa. Walisema njiani kuna vizuizi. Mama Uwera alikuwa akipanda kilima kutafuta mtandao, ananipigia, anakuwekea simu sikioni. Mara ya kwanza ulinisimulia habari za ndama mpaka simu ikakatika. Baadaye maneno yakapungua. Baadaye ukawa unanijibu kwa Kinyarwanda. Halafu siku moja nilisema haloo, nikakusikia unamgeukia mwenzangu unamuuliza, "Ni nde?" Ni nani huyo.

Baada ya simu ile nilipaswa kuja kwa miguu usiku ule ule, hivyo ndivyo mama mwingine angefanya. Mimi nilikaa. Niliogopa kufika kule ukanitazama kama mpita njia. Nikasema nitakwenda mwezi ujao, na mwezi ujao ulipofika nikasema niache kwanza mvua zipite. Nilikuwa mwoga, Kavira. Watu wa mtaa huu wananiita mwanamke wa chuma kwa sababu nilimfukuza mwizi na chuma cha kulehemu kikiwa cha moto. Mwizi ni rahisi.

Nilipofika hatimaye, ulijificha nyuma ya nguo ya Mama Uwera na kunichungulia. Jambo nililoliogopa lilikuwa limesimama mbele yangu na magoti yenye vumbi. Nikafanya kile ninachofanya nikiumia, nikamrukia aliyekuwa karibu. Nilimwambia, "Wako alikufa, sasa umeona uchukue wangu."

Nadhani ulisikia. Ulikuwa na miaka sita na nusu, na masikio yako hayajawahi kuwa na kasoro. Mama Uwera hakujibu. Aliingia ndani, akatoka na nguo zako zimefuliwa na kukunjwa, na ile kadi juu yake. Nguo nilichukua. Kadi nilimsukumia. "Bakia nayo," nikamwambia. "Mutoto wangu ananitosha." Ulilia ndani ya gari mpaka Goma, unaita Mama, na kila abiria alijua kwamba huniiti mimi.

Ndivyo mashine ilivyokufa. Wateja niliwaambia kadi iliungua. Ulipokua ukauliza, nawe nikakuambia iliungua. Katika mji huu uongo huo hauhitaji akili, kila mtu ana kitu chake kilichoungua. Usukani niliuacha kwa mwalimu wa kwaya, kiti kwa binamu yangu. Niliweka meza ya mpira na televisheni mbili za michezo mipya, vijana wakaja, tukala. Sanduku jekundu nililisukuma pembeni, kuku wakataga juu yake.

Vita hivi vya sasa vilipofunga shule, wewe uliyesoma umeme, ulichoka kukaa. Ukafukuza kuku. Ukafungua mlango wa nyuma wa mashine, ukakuta kiota cha panya na waya zilizotafunwa, ukapaza sauti kwa furaha kana kwamba umekuta harusi. Nilisema mchezo huu umezeeka, vijana hawautaki. Ukasema, "Miye nautaka." Nami nikakuonyesha kwanza kitu ambacho baba yako alinionyesha kwanza: kwamba kioo cha zamani kinaweka umeme ndani yake hata ukichomoa waya, kinaweza kukutupa ukutani siku nyingi baada ya kuzimwa, na kwamba unaukata kwa bisibisi iliyofungwa waya wa ardhi, mkono mmoja mfukoni. Uliponyoosha bisibisi na ule mlio ukalia, mimi ndiye niliyeruka. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini.

Hizo ndizo siku nzuri nilizopata ndani ya vita hivi, nataka ulijue hilo.

Ulikwenda kutafuta vipande. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameutundika usukani kwenye ukuta wa sebule, na wajukuu zake walikuwa wameendesha ukuta ule miaka mingi, wanasimama juu ya kochi na kupiga honi kwa midomo. Alikupa bila neno, watoto wakalia. Kiti ulikikuta mbele ya saluni ya mke wa binamu yangu, kimekaliwa na wanawake wanaosukwa, na yeye alikataa kukitoa mpaka ukampelekea kingine. Ukarudi, ukaweka vyote chini, ukaniuliza, "Na kadi?"

"Nilikuambia iliungua."

Kesho yake ulitoka asubuhi, ukarudi na kitu kimefungwa katika kitenge ambacho rangi yake niliikumbuka ijapokuwa moshi ulikuwa umeila. Ukakiweka juu ya meza katikati ya sahani.

"Haikuungua," ukasema.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Mama Uwera alikimbia tena, kwamba nyumba ya juu ya Rumangabo haipo, kwamba anakaa mtaa wa Mapendo kwa dada yake, na kwamba wewe umekuwa ukienda kwake kwa muda mrefu ukiniambia uko kwa rafiki unasoma. Nilifoka. Nilisema maneno ambayo sitayarudia, na wewe hukujibu hata moja, nikaona umejifunza kwa nani kunyamaza. Sikula. Asubuhi yake wewe ukiwa bado umelala nilifungua kitenge, kwa sababu hasira ni hasira lakini fundi ni fundi.

Kadi ilikuwa nyeusi kwa masizi. Ilinuka jikoni. Nilitaka kulia kwa hasira, nikidhani ameiharibu, mpaka nilipopitisha kidole na chini yake kijani kikatoka kikiwa safi, bila kutu, bila ukungu, hakuna mguu hata mmoja ulioliwa. Aliitundika juu ya mafiga, Kavira. Mahali wanapotundika mbegu za maharage na mahindi ya kupanda, pale moshi unapopita kila siku na unyevu haufiki. Kadi ambazo wataalamu huweka katika masanduku ya gharama huoza kwa unyevu wa mji huu. Ile aliiweka na mbegu, kwa sababu mbegu ni kitu ambacho mtu ana nia ya kukirudisha ardhini.

Tuliisafisha kwa brashi ya meno na kanyanga, ile pombe kali ya ndizi. Nusu ya chupa iliingia kwenye kadi, nusu nyingine iliingia kwa mzee wa chukudu tuliyemwita atutengenezee ubavu wa sanduku uliooza. Tulibadilisha kapasita, vile vikopo vidogo vinavyovimba vikizeeka, tukatoa vingine kwenye redio zilizokufa. Wewe ulilehemu, mkono wako umetulia kuliko wangu sasa. Kosa lilikuwa langu. Mzee alisema mbao za mkaratusi bado mbichi, zingoje. Wewe ukasema, "Mama, ni mbichi." Nikawajibu wote wawili kwamba nilifanya kazi hii kabla ninyi hamjaijua, pigeni misumari. Baada ya majuma mawili ubavu ulipinda, ukavuta na nguzo ya usukani, na gari likawa linakwenda kushoto peke yake hata ukiliomba. Tulibomoa, tukaanza upya. Hukuniambia, "Si nilikuambia?" Paluku angeniambia.

Siku kioo kilipowaka na ile sauti ya injini ikatoka, niliketi chini. Nilimsikia baba yako ndani ya sauti ile. Ukanishika bega, halafu ukasema wa kwanza kucheza awe Mama Uwera. Nikasema nina kazi sokoni. Uliniacha niende sokoni, na niliporudi alikuwa ameketi kwenye kiti chekundu, kitenge amekikaza katikati ya mapaja, mguu haufiki kwenye pedali.

Amezeeka. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Ulimwekea tofali chini ya pedali, ukamwambia kanyaga, na yeye akakanyaga na hakuachia tena, akapanda majani, akagonga mabango, akagonga magari ya watu, anacheka machozi yanamtoka, wewe unapiga kelele ageuze usukani, "Volani! Geuza volani!" Mimi nilisimama mlangoni na kapu la mboga. Mchezo ulipoisha akabaki ameshika usukani, na bila kunigeukia akasema:

"Kila magaribi nilikuwa namuuliza huyu mutoto, jina ya mama yako ni nani? Anasema jina yako, anasema Majengo, anasema Goma. Akisha sema, njo namupa chakula. Siku moja akakataa. Akasema mama yangu ni weye. Nikamupiga."

Ukasema polepole, "Nakumbuka."

"Ni ile siku moja tu nilimupiga mutoto yako," akasema. "Juu alikataa jina yako."

Nililia, mbele yenu, na kapu mkononi. Siku ile nilipaswa kumwomba msamaha. Badala yake nilimuuliza kama anatumia sukari katika chai. Ndivyo nilivyo, nami sitakusifu ukinifuata katika hilo. Huko Kampala itafika siku utaogopa kunipigia simu kwa sababu umekaa muda mrefu bila kunipigia. Nipigie siku hiyo hiyo. Hata kama huna la kusema, nisimulie habari za ndama.

Sasa jibu lako.

Nilipowaza juu ya lugha na juu ya njia, nilikuwa bado naweza kuwachukua wote wawili. Wanawake wengi walibeba watatu, wanne. Lakini nilitazama, nikamwona Paluku ameng'ang'ania nguo yangu kwa mikono yote miwili, na wewe umesimama mlangoni kwa Mama Uwera, umeshika kidole chake, umetulia. Hukulia. Hukuona kwamba kuna mtu anayeachwa. Nami nikajua, na iliniuma hata katika mabomu yale, kwamba Paluku nikimtoa atakuwa hana mama mpaka nitakaporudi, na wewe nikikutoa utakuwa naye. Sikukutoa kwa sababu nilikupenda kidogo. Nilikutoa wewe kwa sababu wewe ulikuwa na mama wawili, na yeye alikuwa na mimi tu. Halafu nilikaa miaka yote hii nikikuadhibu, wewe na Mama Uwera, kwa jambo lile lile lililokuokoa.

Usilinganishe na mashine, nakuomba. Mashine ukiigawa inarudi kama ilivyokuwa, unakaza skrubu. Wewe ulirudi na kipande ambacho hakikutoka kwangu, na mimi nilitaka kuking'oa. Leo nakuona unavyonyamaza mtu akifoka, unavyokunja nguo, unavyotunza kitu cha mtu bila kukitangaza. Hayo hukuyapata katika nyumba hii. Nayapenda, nilichelewa tu kukubali yalikotoka.

Asubuhi, ukiwa unakunywa uji, uliuliza kama Mama Uwera anaweza kuja kesho kukusindikiza kwenye basi. Uliuliza ukitazama kikombe, kama mtu anayengoja kufokewa. Nikasema tutaona. Mchana ulidhani nimekwenda kutafuta betri. Nilichukua pikipiki mpaka Mapendo.

Nilimkuta uani, anachambua maharage. Akanisogezea kigoda.

"Nilikuambia neno baya juu ya Uwera," nikasema.

"Uliniambia."

"Haikuwa kweli."

Alitoa jiwe, akalitupa. "Ilikuwa kweli kidogo," akasema. "Nilimutaka mutoto yako. Kila siku ya Mungu nilimutaka. Lakini nilimurudisha."

Nilimwomba anisamehe, kwa maneno yenyewe, bila chai na bila sukari. Akaniambia nichambue upande wangu vizuri, naacha mawe. Tulimaliza ungo mzima.

Kesho atakuja hapa alfajiri, tutashuka wote pamoja mpaka penye basi. Nimemwambia avae lile gauni la bluu unalolipenda. Najua itakuwaje, kutakuwa na watu, mizigo, kondakta anapiga kelele, na utasimama katikati yetu hujui ugeukie wapi, kwa sababu wewe ni mtu wa kufikiria nani ataumia. Usifikirie. Mkumbatie yeye kwanza. Mkumbatie mpaka atosheke, hata kondakta akitukana. Mimi nitakuwa nimesimama hapo pembeni, nangoja zamu yangu.

Mama yako wa Majengo